Umepewa Msimbo wa Mtu Mwingine? Namna ya Kuusoma Mpaka Uuelewe

Maswali ni yale yale kila mwaka. Kijana kapata kazi, kakabidhiwa mfumo wenye mafaili mia nane, na jioni ya siku ya tatu ananiandikia: "Kaka, naanzia wapi? Nimesoma tangu Jumatatu, sijaelewa kitu." Mwingine anauliza kama asome faili moja moja kwa kufuata alfabeti. Mwingine ameshakata tamaa, anataka kuandika mfumo wote upya. Nimeona niandike mara moja, anayeuliza tena nimtumie hii.

Hujaelewa kwa sababu unausoma kama gazeti, kutoka juu kwenda chini. Msimbo (au kodi, kama tunavyosema kazini, ingawa si ile ya TRA) hausomwi hivyo. Unauuliza swali, unabashiri jibu, unauendesha, kisha unaangalia kama ulibashiri sawa. Ukikosea, hapo ndipo umepata cha kujifunza.

Tutafanya kwa vitendo, na programu ya kweli: toleo la kwanza kabisa la Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), lile ambalo Linus Torvalds, muundaji wa Linux, aliliweka tarehe 7 Aprili 2005. Git unaitumia kila siku, kwa hiyo unajua inatakiwa ifanye nini. Toleo hilo ni dogo pia, mafaili 11 na mistari 1,244 tu, na lina mitego ambayo mimi nisingeweza kukutungia.

Unachohitaji

- Kompyuta yenye Linux. Ukiwa na Windows, weka WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows).
- Vifaa vya kujengea programu. Kwenye Ubuntu au Debian: `sudo apt install git build-essential libssl-dev zlib1g-dev`
- C kidogo. Kama unajua PHP, Java au Python, utaambulia. Leo hatuandiki, tunasoma.
- Daftari na kalamu. Sitanii.
- Saa mbili, simu ikiwa chumba kingine.

Hatua ya 1: Shusha msimbo bila kumaliza bando

Hifadhi nzima ya Git imebeba historia ya zaidi ya miaka ishirini. Ukiishusha yote, bando linakwenda. Chukua toleo moja tu:

```
git init ~/git-ya-kwanza
cd ~/git-ya-kwanza
git fetch --depth 1 https://github.com/git/git e83c5163316f89bfbde7d9ab23ca2e25604af290
git checkout FETCH_HEAD
```

Git italalamika kwamba uko nje ya tawi lolote. Iache ilalamike.

Hatua ya 2: Iendeshe kwanza, kusoma baadaye

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo wanapopotea. Usisome mstari hata mmoja kabla hujaiona programu ikifanya kazi. Msimbo ambao hujauona ukitembea ni kama ramani ya mji ambao hujawahi kuukanyaga.

```
make CFLAGS="-g -std=gnu89 -fcommon" LIBS="-lcrypto -lz"
```

Nyongeza hizo ni kwa sababu msimbo ni wa 2005 na kompaila yako (kinachogeuza msimbo kuwa programu) ni ya leo. Maonyo yatamiminika kwenye skrini. Maonyo si makosa. Sasa tengeneza uwanja wa kuchezea, mbali na folda ya msimbo:

```
G=~/git-ya-kwanza
mkdir ~/uwanja && cd ~/uwanja
$G/init-db
ls .dircache/objects | wc -l
echo "habari za asubuhi" > salamu.txt
$G/update-cache salamu.txt
$G/show-diff
```

`init-db` itakwambia inatumia hifadhi ya binafsi, na hesabu ya folda itatoka 256, kuanzia `00` hadi `ff`. `update-cache` haitasema neno. `show-diff` itajibu `salamu.txt: ok`. Badilisha kitu ndani ya salamu.txt, iendeshe tena `show-diff`, uone.

Andika kwenye daftari kila ulichokiona na hukukielewa. Kwa mfano: kwa nini folda 256? Hayo ndiyo maswali yako ya baadaye, usiyajibu sasa.

Hatua ya 3: Chora ramani ya dakika kumi

Dakika kumi, si saa tatu. Lengo ni kujua milango iko wapi, si kujua kilichomo kila chumbani.

```
cd $G
wc -l *.c *.h
grep -n "main(" *.c
```

Utaona kuwa mafaili saba yana `main`, yaani mahali programu inapoanzia, na moja, `read-cache.c`, halina. Papo hapo umejua jambo kubwa: hii si programu moja, ni programu saba ndogo zinazogawana jiko moja. Jiko ni `read-cache.c`, na `cache.h` ndiyo orodha ya vyombo vilivyomo.

Sasa fungua README. Imeandikwa vizuri na ina utani, lakini angalia maneno yake. Inaeleza kitu inachokiita "changeset", ilhali kwenye msimbo faili linaitwa `commit-tree.c`. Kitu ni kimoja, majina mawili, na mwandishi ni yule yule, wiki ile ile. Basi fikiria mfumo wa ofisini kwako ulioandikwa na watu kumi na wawili kwa miaka saba, ambamo "mteja", "customer", "client" na "mwanachama" ni mtu mmoja.

Kwa hiyo tengeneza kamusi kwenye daftari, safu mbili: neno la msimbo, na maana yake kwa lugha yako. Mimi hii ndiyo kazi ninayoithamini kuliko zote. Kwa mradi wetu itaanza hivi: `update-cache` ni ile `git add` ya leo, `.dircache` ndiyo babu wa `.git`, "cache" hapa si kumbukumbu ya muda ya kuharakisha mambo, ni orodha ya mafaili yanayosubiri kuhifadhiwa.

Hatua ya 4: Chagua swali moja, dogo, lenye jibu

"Nataka kuelewa mfumo" si swali. "Kwa nini imekataa faili hili?" ni swali. Jaribu:

```
cd ~/uwanja
echo "siri" > .siri.txt
$G/update-cache .siri.txt
```

Jibu: `Ignoring path .siri.txt`. Kwa nini? Swali letu ndilo hilo. Mengine yote yakae daftarini.

Hatua ya 5: Anzia kwenye maandishi uliyoyaona

Programu imekupa uzi wenyewe, uvute. Maneno yaliyotokea kwenye skrini lazima yako mahali kwenye msimbo:

```
cd $G
grep -n "Ignoring path" *.c
```

Linakuja faili moja tu, `update-cache.c`. Juu kidogo ya mstari huo kuna `if (!verify_path(path))`. Panda hadi kwenye fanksheni hiyo:

```
static int verify_path(char *path)
{
	char c;

	goto inside;
	for (;;) {
		if (!c)
			return 1;
		if (c == '/') {
inside:
			c = *path++;
			if (c != '/' && c != '.' && c != '\0')
				continue;
			return 0;
		}
		c = *path++;
	}
}
```

Usiogope. Hata mimi mara ya kwanza niliitazama hiyo `goto` inayorukia katikati ya kitanzi nikaenda kunywa chai. Msimbo wa aina hii haueleweki kwa kuukodolea macho. Unaeleweka kwa kalamu. Chukua mfano mfupi, `a/.b`, uutembeze herufi kwa herufi:

- Tunaruka hadi `inside`. c ni `a`. Si mkwaju (`/`), si nukta, si mwisho. Endelea.
- Juu ya kitanzi: c bado ni `a`. Si mwisho, si mkwaju. Chini, c inakuwa `/`.
- Juu tena: c ni mkwaju. Tunaingia ndani, c inakuwa `.`. Ni nukta. Rudisha 0, yaani "sitaki".

Ukishamaliza mstari wa tatu, `goto` inaacha kuwa uchawi. Inafanya herufi ya kwanza kabisa ya jina ihesabiwe kama herufi inayofuata mkwaju. Kanuni yote ni sentensi moja: jina la faili au la folda lisianze na nukta, na lisiwe tupu. Iandike daftarini kwa maneno yako. Ukishindwa kuiandika kwa sentensi moja bado hujaelewa, rudi kwenye kalamu.

Asiyependa kalamu atumie dibaga (programu ya kuendesha msimbo hatua kwa hatua), ni kazi ile ile: rudi `~/uwanja`, andika `gdb --args $G/update-cache a/.b`, kisha `break verify_path`, `run`, halafu `next` na `print c` mara kwa mara.

Hatua ya 6: Bashiri kwa maandishi, kisha thibitisha

Kabla ya kuendesha, andika: je, `update-cache folda/`, yenye mkwaju mwishoni, itakubaliwa? Andika ndiyo au hapana. Kisha iendeshe kwa `$G/` mbele, ukiwa ndani ya `~/uwanja`. (Itakataliwa: baada ya mkwaju kuna mwisho wa jina, na mwisho umo kwenye orodha ya vilivyokatazwa.)

Sasa jaribio ninalolipenda zaidi. Kwenye `cache.h` kuna mstari huu:

```
#define CACHE_SIGNATURE 0x44495243	/* "DIRC" */
```

Hiyo ndiyo alama inayowekwa mwanzoni mwa faili la `index`. Komenti inasema DIRC. Basi bashiri herufi nne za kwanza za faili hilo, kisha:

```
head -c 4 ~/uwanja/.dircache/index
```

Kwenye kompyuta za Intel, AMD na nyingi za ARM, utaona `CRID`. Kinyumenyume! Komenti haikudanganya, ila haikusema yote. Toleo hili liliandika namba kama mashine inavyoiweka kwenye kumbukumbu, na mashine hizi huanza na baiti ndogo. Maana yake ni kwamba faili la `index` lililotengenezwa kwenye mashine ya aina moja lisingesomeka kwenye mashine ya aina nyingine. Siku chache baadaye jambo hilo lilirekebishwa. Hakikisha mwenyewe kwa Git ya leo, iliyoko kwenye kompyuta yako:

```
head -c 4 ~/git-ya-kwanza/.git/index
```

`DIRC`. Ungesoma komenti tu na kupita, usingejua chochote kati ya haya.

Hatua ya 7: Majina yajaribiwe, yasiaminiwe

Endesha `write-tree` ukiwa ndani ya uwanja. Itachapisha heshi (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe) ya herufi 40. Nakili heshi hiyo, kisha:

```
$G/cat-file HESHI_YAKO
```

Kwa jina lake, ungetegemea imwage yaliyomo kwenye skrini kama `cat` ya kawaida. Haifanyi hivyo. Inatengeneza faili la muda, jina lake linaanza na `temp_git_file_`, na kwenye skrini inakupa jina hilo na aina ya kitu tu. Soma `cat-file.c`, ni kafaili kafupi, utaona.

Halafu tafuta ni nani aliyechapisha ile heshi ya `write-tree`. Ukisoma `write-tree.c` yote hutamkuta. Yuko jikoni, ndani ya `read-cache.c`, mwishoni mwa fanksheni `write_sha1_file`, ambayo kwa jina ungedhani kazi yake ni kuandika faili basi. Fanksheni inayofanya jambo la ziada bila kulitaja ndiyo chanzo cha nusu ya maumivu yako kazini. Ukiikuta, iwekee nyota kwenye daftari.

Hatua ya 8: Vunja kitu kwa makusudi

Kwenye `verify_path` futa `c != '.' &&`, jenga upya kwa ile amri ya `make`, kisha jaribu `.siri.txt`. Inapita. Sasa jaribu kuingiza `.dircache/index`. Nayo inapita! Programu imeanza kujihifadhi yenyewe ndani ya hifadhi yake. Sasa unajua kanuni ya nukta ilikuwa inalinda nini, tena bila kusimuliwa. Rudisha ulichofuta kwa `git checkout update-cache.c`.

Hatua ya 9: Hamishia kwenye mfumo wa kazini

Njia ni ile ile, milango tu ndiyo tofauti. Laravel: anza na `routes/web.php` na `routes/api.php`. Django: `urls.py`. Node: sehemu ya `scripts` ndani ya `package.json`. Bofya kitufe kimoja kwenye mfumo, angalia anwani iliyoitwa, ifuate mpaka kwenye hifadhidata na kurudi. Kitufe kimoja kwa siku kinatosha wiki ya kwanza.

Na kazini una kitu ambacho leo hatukushusha: historia. `git blame` inakuonyesha nani alileta mstari na lini. `git log -S"jina_la_fanksheni"` inakuonyesha jina hilo lilipoingia na lilipotoka. Mstari wa ajabu mara nyingi una ujumbe nyuma yake unaosema "mteja fulani alilalamika". Kama aliyeuandika bado yupo ofisini, mfuate na swali moja lililoiva: "Hapa nilitegemea A, naona B, kwa nini?" Usimwambie "Nifafanulie mfumo." Atakutazama tu.

Makosa ninayoyaona kila siku

*Kufuta usichokielewa.* Niliwahi kukuta fanksheni ambayo hakuna faili lililoiita. Nilitafuta mradi mzima, sikupata kitu, nikaifuta nikijisifu kwa usafi. Tarehe 30 mishahara haikutoka. Ilikuwa inaitwa na cron (kipanga-ratiba) ya kwenye seva, mara moja kwa mwezi, na cron haikuwa ndani ya mradi. Sasa kabla ya kufuta naweka mstari wa kuandika kwenye logi, na nasubiri mwezi mzima upite.

*Kudhani kila mstari una hekima.* Fungua `init-db.c` uangalie `sha1_dir`: inapewa `getenv` pale inapotangazwa, kisha inapewa `getenv` ile ile tena chini kidogo. Hakuna siri hapo, imejirudia tu. Nimeona watu wakitafuta falsafa kwenye mstari aliousahau mtu mwenye usingizi.

*Kukimbilia roboti la AI.* Uliza ukitaka, lakini baada ya kubashiri mwenyewe. Na jibu lake lipitishe kwenye `head -c 4` kama tulivyofanya. Komenti iliyosema DIRC nayo ilionekana ya kuaminika.

*Kuandika upya.* Wiki ya kwanza huna haki hiyo.

Ukikwama

*`make` inasema "undefined reference" kuhusu SHA1 au deflate.* Umesahau sehemu ya `LIBS`. Makefile ya asili inataja `-lssl` tu.

*"multiple definition".* Umesahau `-fcommon`. Tangu GCC 10, kompaila haikubali kigeu kitangazwe kwenye `cache.h` bila `extern` kisha kiingizwe kwenye mafaili mengi.

*"openssl/sha.h: No such file".* `libssl-dev` haijaingia.

*Programu zinalalamika kuhusu hifadhi au cache.* Hauko ndani ya `~/uwanja`, au hukuendesha `init-db` hapo.

*"$G/update-cache: No such file", na jana ilikuwa inafanya kazi.* Umefungua terminali mpya. Andika tena `G=~/git-ya-kwanza`.

*Faili la muda la `tree` limejaa takataka.* Si takataka. Heshi humo zimewekwa kama baiti 20 ghafi, si herufi 40. Lisome kwa `xxd`.

*Heshi zangu hazifanani na za Git ya leo kwa faili lile lile.* Hazitafanana. Toleo hili linapiga heshi baada ya kubana data. Siku hizi inapigwa kabla.

*Nimeendesha `commit-tree` na heshi yangu, imeganda dakika tano.* Haijaganda, inakusubiri. Inasoma ujumbe kutoka kwenye kibodi na haina adabu ya kukuambia. Andika ujumbe wako, shuka mstari mpya, bonyeza Ctrl+D.